"Lay claim to", "stake a claim", "call dibs" au "take over": utumie upi unapodai kitu kwa Kiingereza?

Kiingereza kina misemo mingi ya kusema "hiki ni changu" au "hapa mwenye amri ni mimi". Ukiitafuta kwenye kamusi za Kiingereza na Kiswahili, mingi utaikuta imerundikwa chini ya vitenzi vitatu: kudai, kumiliki na kutwaa. Ndiyo maana mtu huandika barua rasmi kwa lugha ya watoto wanaogombea kiti, au hutangaza kwamba kampuni imelitwaa jengo ilhali kesi ndiyo kwanza inafunguliwa.

Kabla ya kuchagua msemo jiulize jambo moja: kwa sasa kitu chenyewe kiko mikononi mwa nani? Tazama sentensi hizi, ghala ni lile lile na kampuni ni ile ile.

"The firm laid claim to the warehouse." Kampuni inasema ghala ni lake. Huenda ndani yake amekaa mtu mwingine, na ufunguo anao yeye.

"The firm staked its claim to the warehouse." Imejitangaza mapema na hadharani, ili wengine wajue kabla hawajasogea.

"The firm took possession of the warehouse." Imekabidhiwa, imeingia, ufunguo inao. Kama hati ina jina lake au la, sentensi haisemi.

"The firm took over the warehouse." Inaliendesha, na kabla yake kulikuwa na mwendeshaji mwingine ambaye sasa ametoka.

Wakili akizisoma ataona hali nne zilizo mbali kabisa. Jedwali hili linazipanga pamoja na misemo mingine miwili, kisha tutaingia ndani pale penye utata.

| Msemo | Kitu kiko kwa nani? | Kihusishi | Mahali pake |
|---|---|---|---|
| lay claim to | haijulikani, mara nyingi kwa mwingine | to | habari, historia, sheria, maandishi ya heshima |
| stake a claim | bado hakina mwenyewe, au wengi wanakitaka | to, for, on | biashara, michezo, utafiti |
| call dibs | hakina mwenyewe kati ya waliopo | on | marafiki, ndugu, wenzako kazini |
| take possession of | kwako | of | nyumba, mali, mikataba |
| take over | kwako, baada ya mwingine | kitu chenyewe, au from + mtu | kazi, kampuni, madaraka |
| take ownership of | kwako, au wajibu wake ni wako | of | ofisi, kompyuta, uhamisho wa mali |

"Lay claim to" na "claim" tupu

"Lay claim to" una sura mbili, na wengi hujua moja tu. Ya kwanza ni ya haki: mtu au nchi inasema kitu fulani ni chake kwa haki. Ardhi, kiti cha ufalme, urithi, hataza, jina la biashara, vyote vinafaa hapa.

Mfano mzuri ni Antaktika. Nchi saba, yaani Argentina, Australia, Chile, Ufaransa, Nyuzilandi, Norwei na Uingereza, kila moja inadai sehemu ya bara hilo, na sehemu za Argentina, Chile na Uingereza zinapandana. Mkataba wa Antaktika uliotiwa saini mwaka 1959 na kuanza kutumika 1961 uliyaacha madai hayo yalipokuwa: haukuyathibitisha wala haukuyafuta, na ukazuia mapya. Kwa hiyo "Seven countries lay claim to parts of Antarctica" ni sahihi. Ukiandika "own" umewapa hati ambayo hawajapewa na mtu.

Mpaka wa Misri na Sudan unaonyesha tofauti ya kudai na kushika ndani ya sentensi moja: "Both countries lay claim to the Halaib Triangle, but Egypt controls it." Wote wawili wanaidai, anayeitawala ni mmoja. Jirani yake kuna Bir Tawil, eneo la kilomita za mraba 2,060 hivi lisilodaiwa na upande wowote. Misri inashikilia mpaka wa 1899 unaoipa Halaib, Sudan inashikilia mstari wa 1902 unaoipa Halaib hiyo hiyo, na kila mpaka unaitupa Bir Tawil upande wa pili. Anayeidai Bir Tawil amekubali mpaka unaomnyima Halaib. Kiingereza chake ni "Neither Egypt nor Sudan lays claim to Bir Tawil". Angalia herufi "s" kwenye "lays": baada ya "neither... nor" zenye nomino za umoja, kitenzi kinabaki cha umoja.

Sura ya pili ni ya sifa, na huku hakuna ugomvi wowote. "Few universities can lay claim to such a long history" maana yake ni vyuo vichache vinavyoweza kujivunia historia ndefu namna hiyo. Utaitambua kwa maneno yanayoizunguka: "can", "could", "few", "no other". Anayeitafsiri kwa "kudai" anaharibu: msomaji wa Kiswahili ataona chuo kinasingiziwa historia. Tumia "kujivunia" au "kuwa na haki ya kujiita".

Kwa kukanusha, msemo huu huwa wa unyenyekevu: "I lay no claim to expertise in this field", yaani sijiiti bingwa. Unapendeza kwenye utangulizi wa ripoti au hotuba. Kwenye ujumbe wa simu unasikika kama umevaa joho kwenda kuoga.

Makosa ya msemo huu yana mpangilio wake. La kwanza ni kihusishi: watu huandika "lay claim on" kwa sababu wamezoea "make a claim on the insurance". Kwa "lay claim" ni "to" tu. La pili ni kuweka "a" katikati. "Lay a claim to" huonekana hapa na pale, lakini umbo lililokaa vizuri halina "a".

La tatu ndilo linaloumbua zaidi. "Lay" hubadilika kuwa "laid", na "laid" tena. Kuna kitenzi kingine, "lie" cha kulala, ambacho wakati uliopita ni "lay", na kuna "lie" cha kusema uongo, ambacho wakati uliopita ni "lied". Anayeandika "She lied claim to the land" alitaka kusema amedai ardhi, lakini msomaji anaona uongo umetajwa kabla ya dai lenyewe. Andika "laid claim", na kwa hali ya kuendelea "laying claim".

La nne linahusu kinachofuata "to". Hii si ile "to" inayotangulia kitenzi, ni kihusishi, kwa hiyo baada yake inakuja nomino au kitenzi chenye "-ing": "The town can lay claim to being the oldest on the coast." Ukitaka "to be", rudi kwenye "claim" tupu: "The town claims to be the oldest on the coast." Sentensi hizi mbili hazina uzito sawa. Ya kwanza inaukubali kidogo ukongwe wa mji, ya pili inauacha mji useme wenyewe.

Hapo ndipo penye hatari ya "claim" tupu. Mwandishi wa habari akiandika "He claimed he owned the house", amekwisha kutia shaka. Kiswahili nacho kina tabia hiyo: "anadai nyumba ni yake" hakilingani na "anasema nyumba ni yake". Kwa hiyo usijitie shaka kwa mkono wako mwenyewe. Kwenye barua ya kutetea mali yako usiandike "I claim that I am the owner of this property". Andika "I am the registered owner of this property" kama jina lako limo kwenye rejista, au "I assert my ownership of this property" kama kuna anayepinga. Mawakili mara nyingi hufanya mchezo huu bila kuutangaza: mteja wao "asserts", mpinzani "claims".

Kuna mtego mwingine unaowanasa hasa wazungumzaji wa Kiswahili. Kwetu mtu hudaiwa: namdai, ananidai, tunadaiana. Kwa Kiingereza "claim" haimpokei mtu kama yambwa kwa maana hiyo. "I claim him money" si sentensi. Deni la kawaida ni "He owes me money". Ukifika hatua ya mahakama au madai ya maandishi, kinachodaiwa hutangulia na mtu hufuata baada ya "from": "I am claiming the unpaid rent from him."

Matumizi mengine ya "claim" yapite haraka. Kundi lililokiri kufanya shambulio "claimed responsibility for the attack". Mafuriko yaliyoua watu "claimed several lives", na hapo hakuna aliyedai chochote. Mahali pa kuchukulia mizigo uwanja wa ndege, Wamarekani huandika "baggage claim" na Waingereza "baggage reclaim".

"Stake a claim": dai lenye vigingi

"Stake" ni kigingi. Wachimba dhahabu wa Marekani, hasa baada ya dhahabu kuonekana California mwaka 1848, walipigilia vigingi kwenye pembe za kipande cha ardhi walichotaka kuchimba. Sheria ya madini ya Marekani ya mwaka 1872 iliupa utaratibu huo vipimo. Dai la mwamba wenye mshipa wa madini halizidi futi 1,500 kwa urefu wa mshipa, na futi 300 kila upande. Dai la madini ya mchangani halizidi ekari 20 kwa mtu mmoja. Mipaka ilipaswa kuonekana ardhini, na ilipaswa kuwe na madini yaliyogunduliwa kweli.

Historia hiyo bado imo ndani ya msemo. "Stake a claim" unataka mambo matatu: umewahi, umejitangaza, na kuna alama inayoonekana. Kampuni inayofungua tawi la kwanza katika soko jipya "stakes its claim" kwenye soko hilo, na tawi ndilo kigingi. Mtafiti hufanya hivyo kwa makala ya kwanza juu ya mada, na mchezaji wa akiba aliyefunga mabao mawili "staked his claim for a place in the team". Kama hakuna kitendo chochote, kuna maneno matupu tu, tumia "lay claim to" au "claim".

Vihusishi hubadilika kidogo: "to" kwa kitu, "for" kwa nafasi inayoshindaniwa, "on" husikika pia kwa ardhi na masoko. Mara nyingi "a" hubadilishwa na neno la umiliki, "stake your claim", "staked her claim". Tahajia nayo iangaliwe: "steak" ni mnofu wa nyama, na matamshi ni yale yale, hivyo kikagua tahajia cha kompyuta hakitakuonya.

Usichanganye na "stake" ya hisa. "They hold a 10% stake in the firm" ni sehemu wanayoimiliki tayari. "They staked a claim in the firm" inamwacha msomaji akijiuliza kama wana hisa au wanazitamani. "At stake" ni jambo la tatu kabisa, kilicho hatarini kupotea.

Ndugu wa karibu ni "plant a flag", kusimika bendera. Huu una ujanja wake, kwa sababu bendera haikupi kitu. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967 unakataza taifa lolote kujitwalia Mwezi, iwe kwa kudai mamlaka, kwa kuutumia, kwa kuukalia au kwa njia nyingine yoyote. Bendera ya Marekani iliyosimikwa huko 1969 kwa hiyo haikuwa dai la ardhi. Katika biashara "plant a flag" hutumika vivyo hivyo: kuonyesha kwamba umefika na msimamo wako ni huu, pasipo haki yoyote nyuma yake. Na anayekuja kung'oa vigingi vya mwenzake ili aweke vyake anaitwa "claim jumper".

"Call dibs" na wenzake

"Dibs" ni lugha ya kuwahi. Kinachosemwa na mtoto anayepiga kelele "nimekiwahi!" ndicho anachosema mwenzake wa Kimarekani kwa "Dibs!" Neno linahusishwa na "dibstones", mchezo wa zamani wa watoto wa kurusha na kudaka vifupa au vijiwe, na maana ya kudai kitu ilishika Marekani miaka ya 1930. Daima lina "s". Hakuna "dib" moja.

Sentensi zake ni chache: "I call dibs on the window seat", "I've got dibs on the last slice", "You can have first dibs". Kihusishi ni "on".

Ili lifanye kazi, sharti waliopo wawe na haki sawa juu ya kitu hicho, na usiwe wa pili kusema. Kitu cha mtu mwingine hakidaiwi hivyo. Ukisema "I call dibs on your laptop" kwa mwenzako anayehama kazi, wote watacheka kwa sababu mnajua si dai halali. Ukimwandikia hivyo mwajiri, hatacheka. Kwa chumba cha mikutano andika "I'd like to book the room for Monday".

Waingereza wana "bagsy", ambayo ni kitenzi pia: "I bagsy the top bunk." Kwa kiti cha mbele kando ya dereva pande zote mbili husema "Shotgun!" Mjini Chicago "dibs" imekuwa jina la desturi nzima: baada ya theluji nzito, aliyechimbua nafasi ya kuegesha gari huweka viti vibovu au takataka nyingine za nyumbani kuilinda akiondoka. Barabara ni ya umma, viti havina nguvu ya kisheria, na bado watu huogopa kuvisogeza.

Kwa mkataba, kinachofanana na "first dibs" ni "right of first refusal": mwenye mali akitaka kuuza, lazima akupe wewe nafasi kwanza kabla ya kumuuzia mwingine. Jina lake huwachanganya watu, wakadhani ni haki ya kukataa. Ni haki ya kuulizwa kwanza. Usiweke "first dibs" kwenye rasimu ya mkataba hata kwa utani, maana neno hilo halisemi bei, muda wa kujibu, wala nini kitatokea ukinyamaza.

"Take possession of", na "the" inayogeuza kila kitu

Hapa kitu kimeshikwa. Mnunuzi wa nyumba huweza kulipa leo na "take possession" mwezi ujao. Katika mauzo ya nyumba Uingereza utakutana na "vacant possession", maana yake nyumba inakabidhiwa tupu, bila watu wala vitu vilivyoachwa. Benki ikiichukua nyumba au gari kwa sababu ya mkopo usiolipwa, kitenzi ni "repossess".

Kushika si kumiliki, lakini kushika kwa muda mrefu kunaweza kuzaa umiliki. Sheria ya Uingereza na Wales inaita jambo hilo "adverse possession". Kwa ardhi isiyosajiliwa muda ni miaka 12. Kwa ardhi iliyosajiliwa, sheria ya 2002 inamruhusu aliyekalia miaka 10 kuomba asajiliwe, na mwenye jina anaarifiwa kwanza ili apate kupinga. Msemo wa mtaani "possession is nine-tenths of the law" unatoka kwenye fikra hiyo: aliyekishika ana ahueni, na mzigo wa kuthibitisha huwa kwa anayekitaka. Si kanuni ya mahakama, usiutegemee kwenye barua.

Sasa angalia kosa dogo lenye madhara makubwa. "The man was in possession of the documents": mtu alikuwa nazo hati. "The documents were in the possession of the man": hati zilikuwa kwake. Bila "the", kiima ni mshikaji. Ukiiweka, kiima kinageuka kuwa kilichoshikwa. Ukiandika "The man was in the possession of the documents", umesema hati zimemmiliki mtu. Mpangilio huo huo uko kwenye "in charge of" na "in the charge of": "The nurse is in charge of the children" ni muuguzi anayewaangalia, "The children are in the charge of the nurse" ni watoto walio chini yake. "In control of" nayo hufuata njia hiyo, ingawa kwa upande wa kilichoshikwa watu hupenda zaidi "under the control of".

"Take over", "take control" na "take ownership"

"Take over" ni ya uendeshaji. Kama kitenzi ni maneno mawili, kama nomino ni neno moja: "They took over the firm", "the takeover of the firm". Kiwakilishi hukaa katikati, "took it over", kamwe si "took over it". Mtu aliyeachia huja na "from": "She took over from the previous manager." Msemo huu peke yake hausemi kama ulikuwa kwa heri au kwa shari. Kwa shari, biashara ina "hostile takeover", yaani kampuni inanunuliwa ilhali bodi yake haitaki.

Hapo tofauti ya kumiliki na kuongoza inaonekana kwa tarakimu. Kanuni za ununuzi wa kampuni za Uingereza humtaka anayefikisha asilimia 30 ya kura atoe ofa kwa wenye hisa wengine wote, kwa sababu asilimia hiyo inahesabiwa kuwa tayari ni udhibiti. Hajamiliki hata nusu, na anaongoza. Kwa hiyo "gained control of the firm" na "acquired the firm" si sentensi za kubadilishana.

Vitenzi vinavyotangulia "control" navyo vina rangi zake. "Take control" hauna upande. "Gain control" unaonyesha jitihada, na "assume control" ni lugha ya itifaki, kamanda mpya anapoanza kazi. "Seize control" ni nguvu, mara nyingi bila haki. Ukiutumia kwa meneja mpya umemwita mpinduzi.

"Take ownership of" umeharibiwa na ofisi. Meneja akisema "I need you to take ownership of this project", hakupi mradi. Anataka uubebe: uufuatilie, usisubiri kuambiwa, na ukiharibika lawama iwe yako. Kwa Kiswahili ni "kuwajibika kwa", si "kumiliki". Kwenye hati za uhamisho wa mali maana inarudi kuwa ya kawaida, lakini hata huko "acquire ownership" au "title passes to" ni salama zaidi, kwa sababu haigusi jargoni ya ofisini.

Kwenye kompyuta msemo huu ni amri halisi, na unafundisha. Katika Windows, ukinyimwa ruhusa ya kufungua faili, unafungua dirisha la amri kama msimamizi na kuandika takeown /f likifuatiwa na jina la faili. Mwenye faili sasa ni wewe, na bado huenda lisifunguke. Wengi hukwama hapo, wakadhani amri imeshindwa. Mwenye faili amepewa haki ya kubadilisha ruhusa. Ruhusa yenyewe hajajipa. Hatua ya pili ni icacls, jina la faili, kisha /grant na jina lako la mtumiaji likifuatiwa na :F, yaani udhibiti kamili. Usifanye hivi kwenye faili za mfumo kwa sababu tu zimekukatalia, maana nyingi zimefungwa kwa makusudi na mfumo unaweza kugoma kuwaka.

Maneno yenye lawama ndani yake

Mengine yametoa hukumu kabla hujamaliza sentensi. "Usurp" ni kunyakua cheo usichostahili. "Annex" ni nchi kuiunganisha ardhi ya wengine na yake. "Commandeer" ni jeshi au polisi kuchukua gari au jengo kwa dharura, na kwa utani mtu aliyekalia kompyuta ya mwenzake. "Expropriate" ni dola kuchukua mali ya mtu, kwa fidia au bila fidia. "Appropriate" kama kitenzi ni kujitwalia, na mwisho wake hutamkwa "-eit". Kama kivumishi ni "ifaayo", na mwisho wake ni "-it". "Misappropriate" ni kufuja fedha ulizoaminiwa, na ni tuhuma ya jinai, kwa hiyo usiirushe kwenye barua pepe bila ushahidi.

Na unapoachia

Anayejua kudai ajue pia maneno ya kuachia, kwa sababu barua nyingi za madai huishia huko. "Relinquish" ni kuachia ulichokuwa nacho. "Waive" ni kuamua kutotumia haki yako, mara nyingi mara moja tu. Haki yenyewe inaweza kubaki. "Renounce" ni kukana hadharani, kama kiti cha ufalme au uraia. "Cede" ni nchi kuipa nchi nyingine ardhi. "Disclaim" ni kusema hujawahi kuwa na haki hiyo, au huitaki, kama mrithi anayekataa urithi.

Marekani kuna hati iitwayo "quitclaim deed", na wanunuzi wasioizoea huumia nayo. Mtoaji anasema hivi: haki yoyote niliyo nayo juu ya mali hii, kama ipo, nakupa. Hathibitishi kwamba anayo. Kati ya ndugu, au wanandoa wanaoachana, inarahisisha kazi. Ukiipokea kutoka kwa mtu usiyemjua aliyekuuzia ardhi kwa bei ya mteremko, peleleza rejista ya ardhi kabla ya kulipa, kwa sababu ikija kuonekana hakuwa na haki yoyote, hati hiyo peke yake haikupi njia ya kumdai.